Kiti cha Mlangoni

Chicago, 3 Septemba

Mama yangu mpenzi,

Barua hii anakuletea Ermek, binamu yake Ulan, anayekuja huko kuoa. Mpe chai, umpe na maandazi, kisha uniambie amenenepa au la, maana hapa anakula kwangu kila Jumapili na mkewe asije akasema hatukumlisha.

Sisi hatujambo. Ulan yuko barabarani na lori lake, leo analala Nebraska. Nimekukumbuka, Mama. Nimekukumbuka hadi naona haya kusema, mtu mzima mwenye mtoto. Tangu walipokupasua koo, tukipigiana simu nasikia upepo tu, najua unanong'ona kitu lakini sijui ni nini. Na ule ujumbe wa kubonyeza huutaki, unasema maneno yaliyobonyezwa hayana mkono wa mtu. Haya, mkono wangu huu hapa.

Aizirek ameanza kusimama. Anashika ukingo wa kochi, anatukagua kama askari wa mpakani, kisha anaketi kwa kishindo na kucheka. Kabla ya mwaka mpya atakuwa anatembea, kwa hiyo lazima tumfunge kamba ya miguu na kuikata, njia yake ifunguke kama mila inavyotaka. Ulan anasema hapa Chicago watu wetu wamejaa, tukodi ukumbi, wazee wapo, kamba itapatikana. Nikamwambia kamba ya mjukuu haipatikani, inasokotwa, uzi mweusi na uzi mweupe, na anayesokota ni bibi yake. Na bibi yake atakuwepo.

Sasa kaa chini usome vizuri.

Unakumbuka nilikuambia kuhusu kadi yangu ya benki? Kila lori la Ulan linapokunywa dizeli, nalipa mimi kwa kadi hiyo, na benki inaniandikia pointi. Lori hilo linakunywa kuliko marehemu mjomba Asan. Nikinunua maziwa, pointi. Nikilipia bima, pointi. Haba na haba, Mama. Pointi hizo zinabadilishwa kuwa safari ya ndege. Wenzangu wote wanazitumia kwa viti vya kawaida, wanaruka mara mbili, mara tatu. Mimi sikugusa. Miaka minne sijagusa hata moja, kwa sababu nilikuwa nakitaka kiti kimoja tu, cha daraja la juu, ambacho kwa mshahara wetu hatuwezi hata kukiuliza bei. Viti hivyo wakivitoa kwa pointi huvitoa viwili tu kwa ndege nzima, na vinanyakuliwa kama nyama ya sikukuu. Nimevitafuta kwenye foleni ya kliniki, nimevitafuta nikiwa namnyonyesha mtoto. Juzi kimoja kikafunguka.

Ni chako. Tarehe 9 Desemba, Bishkek hadi Istanbul, halafu Istanbul hadi kwangu. Nimekuchagulia mwenyewe kwenye ramani ya ndege: mstari wa pili kutoka mbele, hatua tatu tu toka mlangoni! Utaingia wa kwanza na utashuka wa kwanza.

Mama, sijawahi kutaka kitu kama ninavyotaka kukuona umekaa hapo.

Mwanao,
Nurzat


Kochkor, 24 Septemba

Nurzat mwanangu,

Ermek alifika. Alikula maandazi kumi na saba, nilihesabu kwa upendo. Mashavu yamenenepa, akili ni ile ile. Hii barua anakuja nayo mke wa Bakyt, yule anayekwenda kwa mumewe, msichana mzuri ila anaongea kama redio, mwache amalize kisha mpe chakula.

Nimeibusu picha ya Aizirek hadi karatasi imelegea. Pua ni ya baba yako, Mungu amrehemu. Nimemwonyesha kila mtu hapa kijijini, hata wale nisiosalimiana nao.

Kuhusu safari, nakushukuru sana, lakini haitawezekana. Ng'ombe atazaa Desemba. Goti la kushoto halikunjiki. Theluji ikianguka nani ataisukuma hapa mlangoni, nani atawasha jiko bomba zisigande? Nyumba isiyo na moshi majirani huanza kuigawana. Na huko nako mimi nitafanya nini, sauti sina, lugha sina, nitakaa kochini pako kama rundo la nguo.

Kamba nitaisokota na kuituma. Pamba ya dukani sitatumia, ni manyoya ya kondoo wetu wenyewe, mweusi yule mwenye pembe moja unayemjua.

Kiti hicho kipe mtu mwingine. Mimi mlango ninao hapa kwangu, unanitosha.

Usikasirike. Vaa soksi.

Mama yako


Kochkor, 25 Septemba

Batish mdogo wangu,

Wewe nitakuambia kweli, maana huna pa kuipeleka zaidi ya kwa kuku wako hapo Tokmok. Nimemdanganya Nurzat. Nimemwambia ng'ombe, nimemwambia goti, nimemwambia theluji. Ng'ombe hana neno, anazaa Machi.

Amenikatia tiketi ya ndege kwa hizo pointi zake. Miaka minne mtoto anajinyima, halafu ananiandikia kwa furaha tele: hatua tatu toka mlangoni. Mlangoni, Batish! Nilisoma mara tatu nikidhani miwani inanichezea. Mtu wa miaka sitini na tisa anakaa wapi? Hata mtoto wa darasa la kwanza anajua. Mkubwa anakaa tör, kule ndani kabisa mkabala na mlango, mgongo kwenye rundo la mablanketi. Mlangoni penye viatu na upepo anakaa mke mdogo wa nyumba, amiminie watu chai.

Nikasema labda ndege ina mambo yake. Nikaenda kwa mwalimu Sagyn, yeye amepanda mpaka Moscow mara mbili. Akanichorea. Mlango huu hapa mbele, viti vinaanzia hapa, vinaenda, vinaenda, hadi mkiani. Nikamnong'oneza, mwisho kabisa, mbali na mlango, ni wapi? Akaweka kalamu mkiani. Nikamshukuru nikaondoka upesi, sikutaka aone uso wangu.

Ulikuwa nami siku ya harusi kule Talas, kwa hiyo huhitaji kukumbushwa, lakini acha niandike nipumue. Tumeingia ndani ya hema, mimi mama wa bibi harusi, mkwe mpya, mgeni wa kwanza kuliko wageni wote. Tör imejaa wakubwa wa wilaya na matumbo yao. Na yule Kalyicha, mama yake Ulan, anakuja anatabasamu: "Mkwe, sogea hapo mlangoni kidogo, wewe si mgeni." Halafu akanitia birika mkononi. Nikawamiminia chai watu wasionijua hadi vidole vikaungua. Mume wangu alikuwa na mwaka mmoja kaburini, sikuja na mazulia wala farasi. Nilijua ni kwa hilo, na kila mtu mle alijua.

Nurzat alikuwa nyuma ya pazia lake la bibi harusi, hakuona. Miaka tisa namshukuru Mungu kwamba hakuona. Ndiyo maana simlaumu leo. Amekaa na Wamarekani, amesahau mlangoni ni nini, asiyejua maana haambiwi maana. Lakini inauma, Batish. Ya Kalyicha niliimeza kwa sababu ni mtu baki. Hii inatoka kwa mwanangu.

Na ninamtamani. Nikisokota kamba mikono inaniwasha kumshika yule mtoto. Jana nimefika mwisho wa uzi nikakuta nimemwimbia wimbo mzima, kwa sauti hii isiyokuwepo.

Chana barua hii. Wape kuku salamu.

Dada yako,
Zuurakan


Chicago, 16 Oktoba

Mama,

Ng'ombe?

Miaka sita sijakuona, nakuambia mtoto anasimama, na wewe unaniambia ng'ombe? Nimemsikiliza mke wa Bakyt saa mbili nzima nikingoja atoe barua, nikaifungulia pale pale sebuleni mbele yake, na nikalia mbele yake, sasa jimbo zima la Illinois linajua.

Sikufuti kwenye tiketi. Ngoja nikuelezee, labda sikueleza vizuri. Kiti hicho kinalala. Unabonyeza, kinanyooka, kinakuwa kitanda. Goti lako utalinyoosha kwa muda wa saa kumi na moja. Watakupa blanketi na mto, watakuuliza unakula nini. Kuna pazia, Mama, wanalifunga kati yenu na watu wa nyuma, hakuna atakayekusumbua.

Na kuna jambo lingine. Mama mkwe naye anakuja, kaka yake Ulan amemlipia, ndege hiyo hiyo, siku hiyo hiyo. Lakini yeye ana kiti cha kawaida, mstari wa arobaini na moja. Nimeangalia kwenye ramani. Ni nyuma kabisa, mwisho wa ndege, baada yake hakuna kitu. Yeye nyuma mwishoni, wewe mbele mlangoni! Nilipoona hivyo nilicheka peke yangu jikoni hadi Aizirek akaanza kucheka naye bila kujua ni nini. Sitakuambia kwa nini nilicheka. Ni neno langu na moyo wangu, la siku nyingi.

Njoo, Mama. Usipokuja sitakata kamba hiyo. Mtoto atatembea na miguu iliyofungwa, na lawama nitakupa wewe.

Nurzat


Kochkor, 2 Novemba

Nurzat,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, na nimekaa siku nne kabla ya kujibu, ili nisiandike nitakayoyajutia.

Nitakuja. Batish atachukua ng'ombe. Nitakuja kwa sababu ya mtoto, mtoto hana kosa.

Ila nina sharti moja. Hicho kiti cha mbele mpe Kalyicha. Mimi niweke pale pake, mwisho kabisa, hiyo arobaini na moja. Usiniulize kwa nini. Kama ni lazima mmoja wetu akae mlangoni, safari hii akae yeye. Hata mimi nina umri, mwanangu. Nimekwisha kukaa huko.

Blanketi nitakuja na langu.

Mama


Chicago, 17 Novemba

Mama yangu,

Nimefanya ulivyotaka. Nimefuta tiketi zote mbili na kuziandika upya, nikalipa na faini, na kile kiti bado kilikuwepo nikakipata tena dakika ile ile. Mama mkwe mstari wa pili. Wewe arobaini na moja.

Sikuelewi. Hata pale uliposema umekwisha kukaa huko, nimesoma na kusoma, umekaa wapi? Hujapanda ndege maishani. Naona tu kwamba ulikuwa na nafasi ya kukaa mbele yake mara moja, na umempisha. Siku zote unampisha. Miaka minne nilikuwa nalipia dizeli nikijiambia, bado kidogo, bado kidogo, na sasa atalala yeye, kwa pointi zangu, kwenye blanketi lako.

Siku moja nitakuambia kwa nini nilikitaka kiti kile. Si leo. Leo nitalia.

Ukishuka usinitafute mbali, nitakuwa mbele ya watu wote.

Nurzat


9 Desemba, ndani ya ndege, mstari wa arobaini na moja

Nurzat mwanangu,

Baada ya saa chache nitakuwa mbele yako, na bado nakuandikia, kwa sababu najua yatakayotokea. Wewe utalia, mtoto atalia, watu watapiga kelele, na mnong'ono wangu hautasikika. Basi nitakupa karatasi hii mkononi. Usiisomee pale kwenye uwanja. Nenda nayo chooni ufunge mlango.

Nianze na Bishkek. Kalyicha alikuwa amefika kabla yangu, amevaa koti lake la manyoya, miguu imevimba kwa ile sukari hadi buti hazifungiki. Sikuwa nimemwona tangu harusi. Kazeeka, mwanangu. Nilikuwa nimejiandaa kwa mwanamke mrefu.

Mtu wa dirishani akatupatia kadi za kupandia. Kalyicha akaniuliza: "Mkwe, mimi nimewekwa wapi?"

Hapo, Mungu anisamehe, niliona raha. Nilivuta pumzi yote niliyonayo ili nisikike. Nikamwambia: "Mlangoni."

"Na wewe?"

"Mimi ndani kabisa. Mwisho."

Nikangoja apige kelele, aite meneja, ampigie mwanawe. Akaitazama ile kadi, akaikunja kidogo, akasema polepole: "Ni haki. Nurzat kafanya vizuri. Miaka tisa nimekuwa nikiliona lile birika mkononi mwako. Kila nikimimina chai naliona. Wakubwa wale hata majina yao siyakumbuki, Zuurakan, na wewe mkwe wangu nilikuambia si mgeni. Niache nikae mlangoni, huenda nikalala vizuri."

Nimeingoja sentensi hiyo miaka tisa. Nilikuwa nimeitungia majibu, mengine makali, mengine ya kuchekesha. Ilipofika nilimbebea tu mfuko wake wa dawa, maana alikuwa anahangaika nao, na tukasahau kwamba ninao mimi.

Sasa nikuelezee hii tör ya mwalimu Sagyn. Mwanangu, huku nyuma nako kuna mlango! Mlango mzima, mkubwa, wenye mkono wa chuma, upo mgongoni kwangu hapa. Sagyn hakuuchora. Na kando ya mlango kuna choo, na mbele ya choo kuna foleni, na foleni hiyo inanipiga viwiko tangu tuondoke Istanbul. Kiti hakirudi nyuma hata kidole kimoja. Nimekaa wima kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti. Nikajiambia, vumilia, Zuurakan, ndiyo heshima hiyo.

Walipomaliza kugawa chakula nikakumbuka dawa za Kalyicha. Nikainuka. Nimetembea ndege nzima, mwanangu, ni ndefu kuliko barabara ya shuleni, goti linalia kila hatua, hadi nikafika kwenye pazia. Mhudumu, binti Mturuki, akanizuia kwa adabu. Lugha yao na yetu ni binamu, nikamwonyesha dawa, nikanong'ona "mkwe". Akanisogezea pazia.

Nikasimama hapo.

Sikujua nilichokuwa nakiangalia. Nilikuwa nimekuja kumkuta mtu kajikunyata penye viatu na upepo. Nimemkuta Kalyicha kanyooshwa kwenye kitanda cheupe, blanketi hadi kidevuni, soksi mpya miguuni, kibakuli cha njugu za moto kando yake, na binti mwingine kapiga goti anamuuliza, kwa sauti ya chini ya kumuuliza mkubwa, kama atapenda chai. Wanamuuliza yeye. Yeye ndiye anamiminiwa.

Nurzat, uliniambia. Uliandika kila kitu, kitanda, mto, pazia. Mimi neno moja tu nililisoma, lile la mlangoni, mengine yote nikayaruka. Niliona mwanangu kasahau mila. Kumbe umeninunulia tör ya mbinguni, na mimi mjinga nikaigawa kwa hasira.

Kalyicha akafungua macho. "Zuurakan," anasema, "wewe unajua hapa ni wapi?"

"Mlangoni," nikanong'ona.

"Mlangoni gani! Hapa ndipo tör. Wamenivisha soksi! Wameniuliza mara tatu ninakula nini, nikadhani ni mtihani. Nimekaa hapa ninaona haya, najua hiki si changu. Mtoto alikukatia wewe." Akaanza kujivuta ainuke, na ile miguu yake, imeumuka kama unga wa mkate. "Njoo. Njoo ulale, mimi nakwenda huko nyuma."

Nikamshika bega nikamrudisha chini. Nikamfunika. Nikamwambia: "Lala, mkwe. Wewe si mgeni."

Alinitazama. Akacheka, kisha akalia, kisha akacheka tena, abiria wa jirani akavua vile vya masikioni kutusikiliza. Nilimpa dawa zake, nikamshikia maji. Tukakaa hivyo kidogo, mikono yetu juu ya blanketi, wazee wawili tuliopoteza miaka tisa kwa sababu ya birika.

Halafu nikarudi kwangu. Na hapo, Nurzat, ndipo ninapotaka usome polepole.

Nilipopita, binti yule akafunga pazia nyuma yangu. Nikageuka kuangalia. Kwa upande wangu lilionekana zito, lakini mwanga ulikuwa upande wa pili, na niliona. Nilimwona Kalyicha vizuri kabisa, na mkono wake, na kikombe. Yeye hakuniona.

Nikakumbuka pazia lako. Lilikuwa jeupe, la hariri, nililishona mimi mwenyewe. Na mlango wa hema ulikuwa wazi, mwanga wote unatokea mlangoni, pale nilipokuwa nimesimama na birika.

Miaka tisa namshukuru Mungu kwamba hukuona. Uliona, sivyo? Uliona kila kikombe, na bibi harusi haruhusiwi kusema neno. Ndiyo maana ulicheka jikoni. Ndiyo maana ya dizeli yote ile. Hukutaka kuniambia umeona, ili nisione aibu, na mimi sikutaka kukuambia yaliyonipata, ili usihuzunike, na kwa kutunziana heshima hivyo nimekuumiza, umelia mbele ya mke wa Bakyt.

Nimerudi kukaa hapa mwisho. Nimelia, foleni ya choo imenipa karatasi.

Tukifika utaona miguu yangu imevimba, usiseme kitu. Utaona Kalyicha kapumzika, ana mashavu mekundu, amekuja kama malkia, msalimie vizuri, mbusu, mwite mama. Kamba ya Aizirek ninayo kifuani, ndani ya nguo, isije ikachukuliwa na wale wa kukagua. Ushike mwisho mmoja, Kalyicha ashike mwingine, mimi nitamshika mtoto.

Na sasa nataka kitu, mimi ambaye sijawahi kukuomba hata pipi. Nakitaka kile kiti. Nakitaka kwa safari ya kurudi. Hicho hicho, mstari wa pili, hatua tatu toka mlangoni, na nataka uwepo uwanjani unione naingia wa kwanza. Pointi zimekwisha, najua, nimekumalizia mimi. Basi anza upya. Mwambie Ulan lori linywe.

Wale wa visa wameandika nikae miezi sita tu, lakini wao hawajui dizeli inavyokwenda polepole. Uliniambia ilikuchukua miaka minne. Mimi nitakaa hapo kochini pako, mwanangu, nikiingoja. Sina haraka hata kidogo.

Mama yako,
Zuurakan